Mwanaidi, mpingo umepasuka

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mwanaidi shoga yangu,

Salaam nyingi. Hujambo, na watoto hawajambo? Mama mkwe mguu wake unaendeleaje? Sisi huku tunamshukuru Mungu, joto tu ndilo linalotutesa, na umeme umekatika tangu magharibi. Naandika kwa taa ya simu, mwandiko ukiyumba nisamehe.

Klarineti yangu imepasuka. Ile nyeusi niliyokuja nayo Kilwa, mama mkwe akaiita zumari la Kizungu. Jumatano nilikuwa na kazi kwenye hoteli moja mjini, hafla ya watu wa maofisi, na ukumbi ulikuwa baridi kama bucha. Nikafika nimechelewa, jasho la daladala bado mgongoni, nikaunganisha vipande harakaharaka na kuanza kupuliza papo hapo. Ndicho alichotukataza Afande, aliyetufundisha bendi, unakumbuka? Kila siku ilikuwa "ipasheni kwanza kwapani, kama kifaranga". Pumzi ya moto ndani, kiyoyozi nje, mti ukavutana. Nikasikia tak, kama njiti ya kiberiti ikivunjika. Ufa umeanzia kwenye ncha ya kipande cha juu ukashuka mpaka tundu la kwanza. Nikamalizia hafla nzima huku sauti inavuja, na wale watu wala hawakujua. Wanakula.

Kesho yake nikaipeleka Mwenge, kwa mzee mmoja mchongaji, Mmakonde. Mafundi wa ala za kupuliza hapa Dar unawajua, hesabu yao haifiki vidole vya mkono. Mzee akapitisha ukucha juu ya ufa, akainusa, akaniuliza, "Huu wa kusini, si ndiyo?" Nikamwambia klarineti imetengenezwa Ufaransa. Akacheka mpaka akakohoa. "Ufaransa kuna mpingo?" Na kweli hakuna. Unakatwa huko kwenu Kilwa, Lindi na Mtwara, unavuka bahari, unarudi na vitufe vya fedha na bei ya pikipiki. Akakwangua unga wa mpingo kutoka kwenye kinyago alichokuwa anachonga, akaujaza kwenye ufa, akadondoshea supaglu, akafunga kwa uzi, akaniambia nisubiri. Leo ukiitazama huoni kitu. Kwa kidole, ndiyo, unasikia. Shilingi elfu kumi, na bado akanipa pole.

Ila haiwezi kupigwa kwa nguvu sasa hivi. Dakika kumi kwa siku, mti uzoee tena. Na tarehe 28 nina onyesho, mimi na mpiga piano, sonata ya pili ya mtunzi Brahms.

Wacha nikueleze kwa nini hiyo na si Mozart, maana najua utauliza. Konseto ya Mozart, ile ya klarineti na okestra, inataka klarineti ya A, yenye sauti ya chini kidogo, na ya kwangu ya A niliiuza mwaka ule nilipomuuguza mama. Sijajuta, lakini ikipigwa redioni nabadilisha stesheni. Sonata ya Brahms inataka klarineti ya B bemoli, ile ya kawaida, hiyo ninayo. Nilikuwa nayo.

Huyu Brahms ungempenda. Mwaka 1890 alishaamua kuacha kutunga, mtu mzima, kachoka. Kisha akamsikia Richard Mühlfeld, mpiga klarineti wa okestra ya Meiningen, huko Ujerumani. Mühlfeld mwenyewe aliingia pale kama mpiga fidla, klarineti akajifundisha. Brahms akarudi mezani. Kwintet ya wapigaji watano na trio ya watatu akaziandika mwaka 1891, sonata mbili mwaka 1894, zote kwa ajili ya mtu yule mmoja. Kila nikisoma habari hiyo nakukumbuka wewe, na sasa nimeshaanza nimalize: kwenye bendi ya Afande aliyekuwa mpigaji ni wewe. Mimi nilikuwa nakufuata.

Unakumbuka kuvuka daraja, kutoka sauti za chini za klarineti kwenda za juu? Nota A ya katikati vidole karibu vyote viko hewani, B inayofuata matundu yote yanazibwa kwa mpigo mmoja, na dole gumba linabonyeza kitufe cha nyuma. Wewe ulivuka siku ya kwanza. Mimi wiki tatu nalia kama bata, watoto wa mtaani wamejipanga ukutani wananiiga. Afande akasema filimbi inaruka nota nane, klarineti inaruka kumi na mbili, kwa hiyo msichana asiye na subira akapige filimbi. Alikuwa ananitazama mimi.

Na siku ile tulipokwenda kusindikiza kwaya! Mpiga kinanda anasema do, sisi tunapiga do, inatoka sauti ya chini yake. Mwalimu wa kwaya akawaka, "Nyie watoto do yenu mmeitoa wapi?" Hatukujua kwamba C ya klarineti ni B bemoli ya kinanda. Tulijua sol-fa tu. Wewe ukapandisha kila nota hatua moja hapohapo, kichwani, bila karatasi. Mimi nilikuja kuliweza hilo baada ya miaka sita, tena kwa kulipiwa ada.

Ujerumani sijawahi kukusimulia vizuri. Nilikwenda na klarineti ya Kifaransa, ndiyo inayopigwa karibu dunia nzima. Wajerumani wana ya kwao, vitufe vimepangwa vingine, na okestra zao ndiyo wanayoitaka. Chuo kilinipokea bila kuniambia. Mwaka wa pili ndipo mwalimu aliponiambia, kwa upole kabisa, kwamba kiti cha okestra nchini mwao nisikihesabu. Nililala na viatu siku hiyo.

Lakini mwalimu huyohuyo alinipa mwezi mzima wa nota moja. G ya chini, basi. Ianze bila mtu kujua imeanza lini, ikue, irudi, iishe bila mtu kujua imeisha lini. Wiki ya tatu ilipokubali, nikaitambua. Ndiyo uliyokuwa ukipiga kwenye ngazi za kituo jioni, tunakucheka kwamba unabembeleza mbu. Sikumwambia mwalimu. Ningemweleza vipi?

Kazi ya hapa unaijua. Send-off, watoto wa shule za kimataifa mara tatu kwa wiki, studio mara mojamoja, na kila nikienda studio naambiwa nipige kama saksafoni. Ridi, vile vijiti vya tete vya mdomoni, zinatoka kusini mwa Ufaransa, kumi kwa boksi, na kwa unyevu huu wa Dar nikipata mbili za kupanda nazo jukwaani namshukuru Mungu. Nyingine nazisugua kwa msasa mpaka zinakufa.

Sasa ombi. Ile klarineti ya plastiki, ya Afande, aliyokupa wewe bendi ilipovunjika. Najua unayo, niliiona juu ya kabati lako imefungwa kwenye kanga, na sikusema kitu. Plastiki haipasuki. Nataka kufanyia mazoezi hiyo, na mpingo ukigoma, tarehe 28 nitapanda nayo jukwaani. Angalia tu koki za viungo kama hazijaliwa na mende, na vile vitambaa vya chini ya vitufe. Kama vimekauka usihangaike, nitabadilisha mwenyewe.

Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitampokea Mbagala Rangi Tatu, nauli ya mzigo nitalipa huku. Ifunge kwenye kanga hiyohiyo. Lakini kabla hujaifunga, shoga, ipashe kwapani upige G ya chini, halafu uniambie imetokaje.

Na ukiona heri uilete mwenyewe, kitanda kipo, na tarehe 28 ni Jumamosi.

Wako,
Neema