Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Zile picha zishushwe leo

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utamaduni na Ustawi wa Jamii,

Salamu na heshima. Sisi wafinyanzi na walimu wa karakana ya ufinyanzi tulikuandikia kwa njia ya kawaida. Barua zikapokelewa, zikagongwa mhuri, tukaambiwa tusubiri. Tumesubiri. Baada ya yaliyotokea kwenye ufunguzi wa maonyesho wiki iliyopita, tumeona hii tuiandike hadharani, angalau isikose wa kuisoma.

Ulisimama mbele ya kamera ukavisifu “vyungu” vya wanawake waliojinasua kutoka kwenye unyonyaji wa kingono. Ahsante. Vile si vyungu, Mheshimiwa, ni milango. Ni vibao vya udongo vyenye umbo la mlango, na komeo liko upande wa ndani. Wanawake wenyewe ndio waliochagua komeo likae ndani, na maelezo yake tuliyaandika kwenye karatasi mliyoiondoa ukutani. Mahali pa karatasi ile ofisi yako ilibandika picha ya kila mfinyanzi, jina lake la kwanza na umri wake. Usiku huohuo picha zikasambaa mitandaoni.

Makubaliano yaliyotiwa saini na ofisi yako yanasema: hakuna sura, hakuna jina. Tunayo nakala, ikiwa yenu imepotea.

Mwanamke aliyemtoroka mtu aliyekuwa akimuuza akionekana kwenye picha, huyo mtu ameshaelekezwa pa kumtafuta. Na hatuombi hisani hapa. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, kifungu cha 6, inazitaka nchi zilinde faragha na utambulisho wa waathirika kadiri sheria zao zinavyoruhusu. Si kila anayefika karakana alisafirishwa, lakini hatari ya kutambuliwa ni ileile.

Pengine mlihofu kwamba pasipo sura hakuna atakayeguswa. Mwaka 2014, kwenye Mnara wa London, yalipangwa maua mekundu ya kauri 888,246, ua moja kwa kila askari wa Uingereza na makoloni yake aliyekufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Hapakuhitajika sura ya marehemu hata mmoja ili watu waelewe, na walimiminika kutazama.

Tuje kwenye milango iliyopasuka, ambayo kwenye hotuba uliieleza kwa maneno mawili: udongo duni. Udongo ni mzuri. Tumeuchanganya na vigae vilivyosagwa, kiasi cha moja ya tano, ili usisinyae kupita kiasi. Kibao kina unene wa milimita nane. Komeo ni nene kama kidole gumba, limeungwa kwa kukwaruza pande zote mbili na kupaka uji wa udongo. Kibao chembamba hukauka upesi, komeo hukawia. Ndiyo maana milango hulazwa kati ya mbao zilizotandikwa magazeti, hugeuzwa kila siku, na makomeo hayaingizwi kwenye tanuri mpaka unyevu wa ndani uishe. Ukiharakisha kingo hukunjamana, na unyevu uliobaki ndani ya komeo hugeuka mvuke pale joto linapopita nyuzi 100 za Selsiasi. Mvuke ukikosa njia hulipua kazi, na vipande huharibu za jirani.

Kujua kama unyevu umekwisha hakuhitaji mtaalamu kutoka mbali: weka kioo kidogo kwenye tundu la tanuri likiwa chini ya nyuzi 100. Kikiingia ukungu, subiri. Kilikuwa bado kinaingia ukungu pale ofisa wako alipoagiza moto uongezwe, kwa kuwa kadi za mwaliko zilishachapwa. Kisha umeme ukakatika katikati ya uchomaji. Tunahisi ni bili haikulipwa, ingawa hakuna aliyetuambia. Asubuhi tanuri likafunguliwa likiwa bado la moto. Kauri ikipigwa na hewa baridi ghafla hupasuka, hasa inapopoa kupitia nyuzi 573, ambapo chembe za kwatzi, madini yaliyomo kwenye udongo, hujibana kwa mara moja. Sisi hatufungui mpaka lishuke chini ya 100.

Kazi kama hii, tangu kukanda hadi uchomaji wa pili wa glezi, yaani mpako unaogeuka kioo, huchukua wiki nne au zaidi. Ratiba yenu iliandika “warsha ya siku tatu”. Mshiriki anaweza kuitwa mahakamani au kuuguza mtoto katikati ya kazi. Kazi yake tunaifunga kwa kitambaa chenye unyevu na nailoni, ikamsubiri hata wiki mbili. Ikikauka kabisa haiungiki tena, na amepoteza yote.

Jambo jingine, kwa kuwa mmesema mtaleta mwalimu wa gurudumu la kufinyangia. Baadhi ya walimu wa gurudumu husimama nyuma ya mwanafunzi na kumshika mikono. Hapa hilo halifanyiki. Mwalimu huonyesha kwa udongo wake mwenyewe, akiwa mbele, na kiti cha mwanafunzi hutazama mlango. Asiyekubali hivyo asije.

Na lile ombi la kuvunja baadhi ya kazi na kuziunga kwa rangi ya dhahabu “kuonyesha uponyaji”, hapana. Wajapani huunga kwa lakeri, utomvu wa mti, na unga wa dhahabu chombo kilichovunjika chenyewe. Hawachukui nyundo kwa ajili ya wapiga picha. Wanawake hawa wamechoka kuitwa waliovunjika.

Uliahidi tanuri jipya, ukaahidi koili, zile nyaya za kupasha tanuri moto, ukaahidi barakoa za vumbi la silika, ambalo huua mapafu polepole. Tunapiga deki kwa maji kila jioni ili lisipeperuke, na koili tunaunga vipande. Tutaendelea hivyo. Tanuri liache, koili ziache, hata fedha za udongo ziache kwanza.

Shusha picha. Ukutani, kwenye kurasa za ofisi, kwenye kalenda mnayoandaa. Waandikie walionakili wazifute. Kisha utujibu kwa maandishi ni nani aliyezipiga na nakala ziko kwa nani, kwa sababu wanawake watatu wameacha kuja karakana na tunahitaji kujua tuwaambie nini.

Wako katika utumishi,
Wafinyanzi na walimu wa karakana