Malalamiko: mapambo yenu ya Krismasi yaliyoniharibia rangi ya gari

Kwa meneja na wote mnaohusika hapo dukani,

Habari zenu. Mimi ni yule mteja wa Fielder nyeupe aliyenunua kwenu Nakuru ile seti ya kupamba gari tarehe 19 Desemba, ya shilingi 3,850, iliyo na pembe za kulungu, ua kubwa la sumaku, ribini nyekundu mita kumi, zile nyuzi za kumetameta na tepu yenu ya pande mbili. Risiti ninayo na picha nimeshawatumia WhatsApp mara tatu, naona tiki za bluu lakini jibu hakuna, ndo maana leo nimeamua kuandika barua yenyewe.

Kwanza niseme sikununua kama kipofu. Niliuliza kijana wenu, hii kitu haitaharibu rangi kweli, juu hii gari bado nalipia loni ya sacco, akaniambia boss usijali, hii imetengenezewa magari, hata kwa boksi imeandikwa. Na ni kweli imeandikwa. Kile sikuangalia vizuri ni picha ya hapo kwa boksi, gari liko katikati ya theluji mpaka matairi hayaonekani! Sasa hiyo gundi imejaribiwa wapi, na mnaiuza Nakuru kwa mtu anayeteremka Kisumu mwezi wa kumi na mbili?

Kijana ndo alinipambia mwenyewe pale nje. Gari lilikuwa na vumbi na hakulipangusa, akabandika tu. Ua la sumaku likakataa kushika kwa bampa, na lazima likatae, bampa ya Fielder ni plastiki, akalihamisha kwa boneti. Ribini akaivuta kutoka boneti hadi milango yote miwili ya mbele, akaishikisha na tepu kila baada ya shibiri moja. Ilipendeza, siwezi kukataa, watoto walikuwa wanapiga makofi.

Tukatoka asubuhi. Kufika Mau Summit pembe moja ikaenda, sikuona hata imeangukia wapi. Kericho tukapata mvua, ile ya kawaida ya huko, ribini ikalowa chapa. Ahero jua likatoka, na Kisumu nikaegesha kama masaa matatu karibu na Kibuye tukinunua vitu vya nyumbani. Ile rangi nyekundu ya ribini ilikuwa imechuruzika na mvua, sasa jua likaipika juu ya rangi nyeupe ya gari, na tepu nayo ikalainika ikawa kama jamu. Tulipofika kwetu Luanda, hii ya Vihiga, mama akauliza kama nimegonga ng'ombe.

Hapo ndo nikapiga simu kwenu, na hii ndo sehemu inaniuma zaidi. Dada aliyeshika simu akaniambia nichukue thina, ile ya kuyeyusha rangi, na kitambaa nisugue. Nikamwamini, nikasugua. Gundi ilitoka, ndio, na klia, ule utando wa kung'aa unaofunika rangi, ikatoka nayo. Sasa boneti na milango zimebaki na mabaka mabaka yasiyong'aa, ukiangalia kwa pembeni unaona mistari kama ya pundamilia.

Niliporudi nikapeleka kwa fundi wa rangi hapa Nakuru, mzee ameshika spreya tangu sijazaliwa, akacheka kwanza halafu akanieleza pole pole. Ile klia ya juu ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari, ikishaliwa na thina hakuna polishi itairudisha. Gundi ilitakiwa ipashwe na maji ya moto au ile mashine ya kukausha nywele, ivutwe taratibu, mabaki yapakwe mafuta ya kupikia na kuoshwa na sabuni. Chini ya sumaku akanionyesha mikwaruzo ya duara, hiyo ni lile vumbi lililobanwa hapo likasagana na rangi safari nzima. Na kando ya milango, zile nyuzi zenu zilikuwa zinachapa gari na upepo kutoka Salgaa mpaka Maseno, zimeacha alama kama za kucha. Kuspreya boneti na milango miwili ameniambia 24,000. Karatasi ya bei nimeambatanisha.

Mjomba wangu naye alikuja na Probox yake akiwa amefunga tawi la saiprasi na baluni kwa keria na grili, kamba ya manila tu, hakuna kitu kinagusa rangi, labda alitumia mia tatu. Gari lake halina hata alama. Mnajua vile nilichekwa?

Ninachotaka ni hivi. Mnirudishie 3,850 zangu na mlipe fundi hizo 24,000, mnaweza kumlipa moja kwa moja kama hamniamini. Pia hiyo stika ya "haiharibu rangi" muitoe kwa boksi, na muweke karatasi ya Kiswahili inayosema gari lioshwe na likauke kwanza, mapambo yasilale juani na ribini ikilowa itolewe siku hiyo hiyo. Na huyo dada wa simu mwambieni asitaje thina tena kwa mtu yeyote, sina chuki naye, labda hakufunzwa.

Nawapa siku kumi na nne. Kuna sheria ya kulinda wateja ya mwaka 2012, na korti ya madai madogo husikiza kesi mpaka milioni moja bila lazima ya wakili, kwa hivyo 24,000 sioni aibu kuzipeleka huko. Lakini ningependa tumalizane hapa dukani, nimekuwa nikinunua kwenu mati na vifuniko vya viti miaka yote hii.

Ni mimi mteja wenu,
mwenye Fielder nyeupe, Nakuru.

Ile pembe moja iliyobaki nimeiweka kwa buti, nitawaletea nikija kuchukua pesa.