Klachi ni mpya, mbona gari bado linashtuka gia ya pili?

Wiki iliyopita mteja aliingia gereji amekasirika kwelikweli. Siku 12 kabla ya hapo tulikuwa tumemfungia klachi mpya, na sasa anadai tumemla hela yake bure: gari likitoka namba moja kwenda namba mbili linashtuka vilevile kama mwanzo. "Fundi, nimelipa pesa yote ile, mbona shingo bado inacheza?" Sikubishana naye. Nilimwomba funguo, tukatoka, nikaendesha mimi kwanza. Moja, mbili, tatu, gari limetulia. Tukabadilishana viti. Alipoingiza ya pili yeye, gari likaruka mbele kama limesukumwa kwa nyuma.

Simwandiki hapa ili kumsema vibaya. Malalamiko ya namna hii tunayapokea mara kwa mara na yanatuuma, maana ile kazi tuliifanya kwa uangalifu wote, na yeye naye alikuwa na haki ya kupata gari lililotulia. Ila nusu ya ugonjwa ilikuwa chini ya gari, nayo tulishaiondoa, na nusu ilikuwa mguuni mwake.

Kwa nini iwe ya kwanza kwenda ya pili, isiwe ya tatu kwenda ya nne? Kwa sababu hapo ndipo penye hatua ndefu kuliko zote ndani ya giaboksi. Kwenye magari mengi madogo, gia ya kwanza inaizungusha injini kama mara 3.6 kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenye giaboksi. Ya pili ni kama mara 2. Maana yake, ukiivuta ya kwanza hadi mizunguko 3,500 kwa dakika kisha ukaingiza ya pili kwa mwendo uleule, injini inatakiwa ishuke hadi karibu 1,950. Yule mteja alikuwa akipiga gia haraka kama yuko mashindanoni, anaachia klachi injini ingali juu. Tofauti hiyo lazima imezwe na kitu. Inaimeza klachi pleti, ile sahani inayounganisha injini na giaboksi, halafu maunti zinazoishikilia injini, halafu shingo yako.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Hawa wanaitoa ya kwanza mapema mno, gari halijashika mwendo, mkono unasitasita kwenye fri, pale ambapo hakuna gia iliyoingia, hadi injini imeshuka sailensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, ndipo wanaachia mguu. Hapo gari linainamisha pua kama limekanyagwa breki. Huyu na yule wote wanakuja kutuambia "klachi mbovu".

Tunachowaelekeza wateja ni hiki. Gia ya kwanza ni ya kulitoa gari mahali lilipo, basi. Likifika kilomita 15 au 20 kwa saa, na injini ya petroli iko kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500, mguu wa mafuta unatoka wakati uleule mguu wa klachi unazama hadi chini. Mkono unatoa gia, unapita fri, unatulia kama pumzi moja fupi, ndipo unaingia ya pili. Hiyo pumzi ndiyo siri yote, maana ndiyo inayoipa injini nafasi ya kushuka. Kwenye magari mengi ya kisasa injini inachelewa kushuka hata ukishatoa mguu, kwa sababu kompyuta inaishusha polepole ili kupunguza moshi mchafu, kwa hiyo pumzi inabidi iwe ndefu kidogo. Kisha rudisha klachi upesi hadi pale inapoanza kukamata, ishikilie hapo kidogo tu, malizia kuachia huku mafuta yakiingia taratibu. Dizeli ina nguvu chini, haihitaji kuvutwa hivyo. Ibadilishe mapema zaidi.

Kupangua kutoka ya tatu kurudi ya pili ni kinyume chake: sasa injini inatakiwa ipande. Gusa mafuta kidogo klachi ikiwa chini, halafu achia. Na ya kwanza usiiingize gari likiwa bado linakimbia. Subiri likaribie kabisa kusimama.

Sasa nije kwenye njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi kuliko zote. Mtu akishagundua kwamba gari linashtuka, anajifunza kulibembeleza: anaachia klachi nusu, anakanyaga mafuta, anaivuta hivyo mita 20 au 30 kwa kila gia. Na kweli gari linatulia! Abiria hawasikii kitu. Lakini muda wote huo pleti inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, na msuguano ni joto. Tuliwahi kushusha giaboksi ya gari la kubebea mizigo lililoendeshwa hivyo. Nilipofungua presha pleti, ile inayoibana pleti kwenye flaiwili, harufu ilijaa gereji nzima. Ile pleti ilikuwa imekwisha hadi ripiti zimetokeza, na zilikuwa zimechora mduara kwenye flaiwili, mfereji unaoweza kuingiza ncha ya ukucha. Flaiwili yenyewe ilikuwa na madoa ya bluu kwa kuungua. Dereva alikuwa mtu makini, anaosha gari kila siku, na alijua anaitunza klachi.

Hapo ndipo tunapogombana na watu kuhusu bei. Wanasema kuna fundi atakayefunga pleti peke yake kwa nusu ya hela yetu. Ni kweli, wapo. Lakini ili kuifikia pleti, giaboksi lazima ishuke, ekseli zitoke, na nyaya au paipu za klachi zifunguliwe. Kazi hiyo ni ileile ubadilishe kimoja au vitatu. Sisi tunafunga pleti, presha pleti na beringi ya klachi, ile inayoisukuma presha pleti ukikanyaga pedali, pamoja, flaiwili tunaipeleka kusawazishwa inapohitajika, na sili ya nyuma ya krenki, inayozuia oili ya injini isivuje, tunaikagua kabla ya kurudisha chochote. Mama mmoja alikataa beringi ili kuokoa hela. Tulimweleza, akasema, "Hii bado inazunguka vizuri, mwanangu." Miezi mitatu baadaye beringi ikaanza kulia kila anapokanyaga, na giaboksi ikashuka tena, naye akalipia kazi mara mbili. Siku ile niliumia kama yeye. Tangu hapo hatukubali kufunga nusu seti, na anayetaka nusu tunamwambia kwa heshima atafute pengine.

Sili nayo usiidharau. Oili ya injini ikivuja kidogo tu ikagusa pleti mpya, gari litatetemeka likianza kuondoka, na hakuna mguu hodari utakaolituliza.

Kuna sauti nyingine inayowatisha watu, ile ya "grrr" wakati wa kuingiza ya pili. Ndani ya giaboksi kuna sinkronaiza, ringi ambayo mara nyingi ni ya shaba, inayobana gia na kuilinganisha kasi kabla meno hayajaumana. Cadillac ndio walioianzisha kwenye magari yao mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva alilinganisha kasi kwa sikio na mguu wake mwenyewe. Ringi hiyo inaweza kusaidia gia ya haraka, lakini haiwezi kushindana na klachi isiyoachia kabisa. Tuliletewa gari ambalo mwenyewe alishaambiwa kwingine kwamba giaboksi imekufa, atafute nyingine. Nikainama chini ya usukani na tochi. Kulikuwa na mazulia mawili yamepandana, la mpira juu ya la kitambaa, na pedali ya klachi ilikuwa inagota kwenye zulia kabla ya kufika mwisho. Tulitoa zulia moja. Sauti ikaisha palepale. Tulimtoza gharama ya ukaguzi tu, na wapo walioona hata hiyo ni nyingi kwa kazi ya kutoa zulia. Sisi tunatoza ile kujua pa kuangalia, na kwa kujua huko hakununua giaboksi.

Wengine wanaficha sauti hiyo kwa kumimina oili nzito. Inanyamaza wiki mbili, halafu asubuhi gia haziingii, maana oili nzito ikiwa baridi inaichelewesha sinkronaiza kufanya kazi yake. Na oili ya giaboksi ya daraja la GL-5 mahali palipoandikwa GL-4 inaweza kuila hiyo shaba polepole. Fuata kitabu cha gari.

Mteja wa wiki iliyopita tulizunguka naye kama nusu saa bila kumtoza. Mara ya kwanza alisahau kupumzisha mkono kwenye fri, mara ya pili akapumzika mno hadi gari likainama. Alipoipata, hakusema kitu, akaendelea kuendesha, akarudia, akarudia tena. Tulimkumbusha pia kwamba pleti mpya inahitaji kama kilomita 500 za mwendo wa upole ili ikae sawasawa, jambo ambalo tulipaswa kumwambia siku anachukua gari, na sasa tunamwambia kila mteja kabla hajapewa funguo.

Ukituletea gari lenye tatizo hili, lilete likiwa limelala usiku mzima bila kuwashwa, kwa sababu makosa mengi ya gia hujificha oili ikishapata moto. Usilibembeleze njiani. Na mwambie anayeliendesha kila siku aje nalo yeye mwenyewe, maana lazima tumwone akibadilisha gia.