Ngazi ya bwawa iondolewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Manispaa ya Kigoma-Ujiji kuhusu haya mabwawa ya kuogelea ya turubai yanayosimamishwa juu ya ardhi, ambayo sasa yameingia kwenye nyua za watu na kumbi za sherehe.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka mitatu alitutoroka wakati naanua nguo. Tulimkuta uani kwa jirani, amesimama kipandio cha juu cha ngazi ya bwawa, kandambili moja inaelea majini. Ukuta wa bwawa lile unanifika kifuani, mtoto yule asingeuweza. Ngazi ndiyo iliyompandisha.

Nikaenda kuuliza kama kitu kile kina kibali. Nikajibiwa: "Mama, lile si jengo, ni kifaa." Haya. Kifaa cha duara chenye upana wa mita 3.6, maji yakifika sentimita 90, kinabeba lita 9,000 na ushei, yaani tani tisa. Na kwa miteremko yetu hii, kimewekwa juu ya kifusi kilichosawazishwa kwa jembe. Anayekaa upande wa chini ni mimi.

Wapo wanaonicheka: mtoto wa Kigoma aogope beseni? Ziwa tunaliogopa, ndiyo maana hakuna anayemwachia mtoto wa miaka mitatu ashuke ufukweni Kibirizi peke yake. Beseni halimtishi mtu.

Australia, bwawa linaloweza kushika maji ya zaidi ya sentimita 30 huzungushiwa uzio wa angalau mita 1.2, na geti linalojifunga lenyewe. Sidai yote hayo. Ila tangu mwaka 1982 sheria inazipa mamlaka za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na hii haihitaji kurasa nyingi. Ngazi itolewe na kufungiwa ndani watu wakishatoka majini. Waya wa pampu usilazwe kwenye tope. Ukumbi unaotoza kiingilio uwe na mtu anayejua kuogelea, kazi yake kuangalia watoto tu, siyo huku anauza soda. Afisa afike kukagua uwanja kabla maji hayajajazwa.

Jirani yangu ni mtu mwema, alikuja kutupa pole na samaki watatu aina ya migebuka. Ngazi bado imesimama.

Bibi, mkazi wa Mwanga,
Kigoma