Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa wilaya yetu: warudishieni watoto alama zao

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: SWALI LA MAJI MAJI KWENYE MTIHANI WA UJIRANI MWEMA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwanza shikamoo, maana umenizidi umri na cheo. Pili, usinielewe vibaya kwa kuandika hadharani. Nilianza kwa Mwalimu Mkuu, akanielekeza kwa Afisa Elimu Kata, naye akanielekeza kwako. Kwako nimeishia kwenye benchi la nje. Benchi lile sasa tunajuana.

Swali la mtihani huo wa pamoja wa shule jirani lilikuwa fupi: Vita vya Maji Maji vilianzia wapi? Wanafunzi wangu wa darasa la sita, karibu wote, walijaza Umatumbi. Wachache waliandika Nandete, kijiji cha hukohuko Umatumbi, na mmoja akaongeza pembeni ya karatasi, "kwa kung'oa pamba", ingawa hakuna aliyemuuliza. Wote wamekosa. Mwongozo wa usahihishaji uliotoka ofisini kwako unasema jibu ni Songea.

Songea, Afisa! Ndani ya Mkoa wa Lindi mtoto anachorwa mkasi mwekundu kwa kuandika Umatumbi, na mwalimu wake akihoji anaambiwa, "Mwalimu, fuata mwongozo."

Naomba basi, kwa heshima zote, niukumbushe mwongozo. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba Nandete, pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa viboko chini ya akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani. Kinjekitile Ngwale, mganga aliyekuwa akigawa kule Ngarambe maji yake ya dawa yaliyoaminika kuwakinga watu na risasi, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Kabla Agosti haijaisha, boma la Liwale lilikuwa limekwisha kuanguka. Wangoni waliingia baadaye, wakapigana, na wakalipa kwa damu: tarehe 27 Februari 1906 viongozi wao walinyongwa palepale Songea, na hadi leo wanakumbukwa kila mwaka. Wanastahili. Ila vita haikuanzia kwao, na wao wenyewe hawajawahi kudai hivyo.

Nadhani kosa limetokea hapo. Mtunga swali ameona Makumbusho ya Maji Maji yako Songea, akaona na vita navyo vitakuwa vya kulekule. Au swali limenakiliwa kwenye mtihani wa mkoa mwingine, maana siku hizi mitihani inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi inasahau kwao. Wapo wanaosema kazi ya kutunga ilimalizikia kwa kijana wa stesheneri. Hilo sitaki kulisemea. Ninachojua, wazazi walichangia hela ya mtihani huo.

Nilipohoji kwenye kituo cha usahihishaji nilionekana mbishi. Siku chache baadaye nikaletewa barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini nimechelewesha zoezi. Ndiyo najieleza sasa. Nimeona wazazi nao wasome, kwa kuwa watoto ni wao.

Na kwa kuwa tumefika kwa wazazi, unaikumbuka siku ya kikao cha wadau wa elimu? Ulisimama ukasema mtaala mpya ulioanza 2024 umeipa heshima historia, sasa ni Historia ya Tanzania na Maadili, haibanwi tena ndani ya Maarifa ya Jamii. Ukaahidi kila shule itapeleka watoto Kilwa Kisiwani. Makofi yalipigwa. Mama mmoja alimnunulia mwanawe raba za safari. Raba zimeshambana, Kilwa haijaonekana.

Msafiri Ibn Battuta alitoka Moroko akafika Kilwa mwaka 1331. Watoto wangu wako mkoa uleule, basi limewashinda. Husuni Kubwa, jumba la masultani wa Kilwa, nawachorea kwa chaki, na picha za magofu nazichapisha kwa hela yangu, nyeusi tupu, hata msikiti ule mkubwa unaonekana pango. Vitabu wanagombania. Mshahara wenyewe unaujua, unapita mezani kwako.

Hata hivyo watoto hawa wanafikiri. Niliwasimulia mjusi mkubwa wa Tendaguru, namna mifupa ilivyochimbwa kuanzia 1909 hadi 1913, watu wa huku wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi ikapanda meli kwenda Berlin, iliko mpaka leo. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, waliobeba waliambiwa inakwenda wapi?" Afisa, mtoto anayeuliza hivyo mwongozo wako ungempa alama ngapi?

Ziara ya Kilwa tuiache. Vitabu navyo tutaendelea kugombania, tumezoea. Barua ya onyo ikija nitaipokea na kusaini. Ninaomba jambo moja tu: toa waraka, hata wa mstari mmoja, useme jibu la swali lile ni Umatumbi, na alama zirudishwe. Matokeo yamebandikwa ukutani na watoto wanayasoma kila wakiingia darasani. Yule aliyeandika habari ya pamba aliipata kwa bibi yake mzaa mama, mwenyeji wa Kipatimu, Umatumbi kwenyewe. Bibi amekuja shuleni na fimbo yake, akaniuliza mbele ya wanafunzi, "Mwalimu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemdanganya mjukuu wangu?"

Nimemwambia asubiri waraka wako. Mstari mmoja, Afisa. Muhuri unao, na karatasi nikitakiwa nitaleta mimi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa somo,
Mkoa wa Lindi.

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Shule.