Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kijana wa Wamumu na Deni Letu kwa Starehe

Ndugu wanachama,

Mweka hazina atawasomea hesabu baada yangu, na kumbukumbu za mkutano uliopita mnazo mikononi, kwa hiyo hayo sitayarudia. Nina mawili ya haraka. Mwaka huu tumepoteza wenzetu wawili, na wote wawili tuliwasindikiza hadi makwao. Nawashukuru mliochanga, na zaidi mliosafiri usiku. La pili, ada za uanachama bado zinasuasua. Aliyekwama kwa ugonjwa au kwa kuachishwa kazi aje tuzungumze faraghani. Jina lake halitafutwa.

Nafasi iliyobaki naitoa kwa jambo mlilotuagiza mwaka jana, la kukusanya habari za waanzilishi wa kituo kilichotulea, Starehe, shule ya bweni ya wavulana jijini Nairobi. Mnakumbuka lilivyoanza. Kijana mmoja aliyemaliza shule juzi tu alinyoosha mkono, akauliza: "Gikubu ni nani?" Ukumbi ulinyamaza. Baadhi ya wazee waliudhika, mimi nikiwa mmoja wao. Baadaye nilipotulia nyumbani niliona kwamba yule kijana hakuwa na kosa. Angejulia wapi, ikiwa sisi tuliomtangulia hatukumwambia?

Starehe ilianzishwa tarehe 14 Novemba 1959 na watu watatu: Geoffrey William Griffin, Geoffrey Gatama Geturo na Joseph Kamiru Gikubu. Wa kwanza anajulikana kote nchini, na anastahili. Wawili wale wengine hutajwa upesi upesi siku ya sherehe, halafu hotuba inaendelea.

Gikubu alitiwa kizuizini angali kijana, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na wapiganaji wa Mau Mau. Alipitia Manyani, ile kambi ya nyikani kando ya reli ya Mombasa, kisha akapelekwa Wamumu, katika nyanda za Mwea, ambako serikali ya kikoloni iliwaweka vijana wa Mau Mau mbali na watu wazima. Sitaki tuipambe Wamumu. Kilikuwa kifungo, na hakuna mtoto aliyekwenda huko kwa hiari yake. Lakini vijana walisoma, walifundishwa ufundi, na ndiko Gikubu alikokutana na Griffin, Mzungu mzaliwa wa Eldoret. Mmoja alikuwa amefungwa, mwingine alikuwa mtumishi wa serikali iliyomfunga. Miaka michache baadaye majina yao yanakaa pamoja kwenye mwanzo wa kituo kimoja. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanishangaza.

Kijana aliyetoka huko alikuwa na kila haki ya kwenda zake, atafute kazi, aoe, asisikie tena kengele ya bweni maishani mwake. Gikubu alirudi kwenye mabweni kwa hiari.

Na wavulana wa kurudiwa walikuwepo tele. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, maelfu ya watu wa Nairobi walizolewa kwa malori na kupelekwa kambini. Mzazi akichukuliwa namna hiyo, mtoto habaki na mtu wa kumpikia wala wa kumwuliza amelala wapi. Wale tuliowaita chokoraa bila kufikiri walitoka katika nyumba zilizovunjwa hivyo. Angalieni pia tarehe: Hali ya Hatari iliondolewa rasmi Januari 1960. Kituo chetu kilifunguliwa miezi miwili kabla, katika vibanda viwili vya mabati, na mmoja wa waliokifungua alikuwa ametoka kizuizini si zamani. Alipomtazama mtoto wa mtaani wa Nairobi hakuhitaji kuelezwa chochote.

Kuna hesabu moja ambayo nawaomba vijana waifanye. Mwaka 1964 Griffin alikabidhiwa kuongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa, na aliiongoza hadi 1988. Hiyo ni miaka 24 ambayo mkurugenzi wetu alikuwa na kazi nyingine nzito ya serikali. Simpunguzii sifa hata chembe. Alijigawa kwa namna ambayo wengi wetu hatungeweza. Ila bweni halijiendeshi lenyewe. Kila alfajiri ya miaka hiyo palihitajika mtu wa kuwepo, na Gikubu alikuwepo. Alikitumikia kituo kwa miongo, ujana hadi uzee.

Niruhusuni niseme la kwangu. Nilifika kituoni na boksi la katoni lililofungwa kwa kamba ya mkonge, ndani mna shati moja na sufuria ambayo mama alisisitiza niibebe. Sikujua kutandika kitanda kwa sababu sikuwahi kuwa nacho. Mvulana aliyenizidi miaka kama mitatu alinionyesha namna ya kukunja pembe za blanketi, akavuruga yote, akaniambia nijaribu mwenyewe. Alikaa hadi nilipoweza. Hakuna aliyemtuma. Naye alikuwa amefika akiwa hajui, na kuna aliyemwonyesha. Nikirudi nyuma hatua kwa hatua katika mnyororo huo, namfikia kijana aliyetoka Wamumu.

Mwenzetu mmoja, fundi wa mabomba, amenikataza kabisa kumtaja jina, nami namheshimu. Kila likizo ya Agosti huenda kituoni na mkoba wake wa vifaa, hukagua vyoo na mabafu, hurekebisha kinachovuja, hula ugali na wavulana na kurudi kwake. Amefanya hivyo tangu kabla sijawa mwenyekiti. Nilipomwuliza kwa nini haleti risiti ya nauli turudishe, aliniuliza kama mama yangu huniletea risiti.

Sasa nikiri kosa. Mmoja wa wale wazee wawili tuliowazika alikuwa miongoni mwa wavulana wa miaka ya mwanzo kabisa. Kamati ilipanga kwenda kurekodi sauti yake mwezi wa Machi. Mimi niliahirisha hadi baada ya mvua, nikidhani barabara ya kwake itakuwa mbaya. Mvua ilikwisha, naye alikuwa ametutoka. Yote aliyoyajua kuhusu vibanda vile vya mabati, nani alilala wapi na walikula nini, amekwenda nayo. Barabara niliipita siku ya mazishi na haikuwa mbaya hivyo. Familia yake ninaiomba radhi mbele yenu.

Kutokana na hayo kamati inaleta maombi mawili. Kwanza, kila mwanachama aliyeingia kituoni kabla ya 1970 atembelewe katika miezi mitatu ijayo na vijana wawili wenye simu ya kurekodi. Nauli italipwa na chama. Pili, michango ya karo iendelee kama ilivyo, lakini kila mmoja wetu atoe pia siku. Wavulana wengi pale bado hawalipi karo, na wapo wasiotembelewa na mtu mwaka mzima. Wao wenyewe hutumwa kujitolea hospitalini na ofisini wakati wa likizo. Haifai wao watoe siku zao kwa watu wasiowajua huku sisi tukituma pesa kwa simu tu.

Daftari la majina liko mezani kwa katibu. Safari ya kwanza ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Tutakutana saa mbili asubuhi langoni, barabara ya General Waruinge. Fundi wetu anaomba kila mtu aje na nguo za kazi.