Safari fupi za meli zisigeuzwe ulevi wa usiku kucha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaopanda meli za starehe kwa safari za usiku 3 au 4, kama zile za kutoka Miami, Marekani, kwenda Nassau katika visiwa vya Bahamas. Ni za bei nafuu na nyingi huangukia wikiendi, hivyo watu hutaka kumaliza raha zote kwa mkupuo. Sipingi muziki wala dansi. Kinachoniudhi ni glasi zilizoachwa kwenye ngazi, taulo zinazotandikwa alfajiri kushikilia viti ambavyo hadi saa sita mchana havijakaliwa, na makelele ya koridoni saa tisa usiku, watoto wa watu wamelala.

Kubwa zaidi ni usalama. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka reli za sitaha ziwe na kimo kisichopungua inchi 42, lakini reli haimsaidii mlevi anayeipanda ili apigwe picha. Mhudumu wa baa akimkatalia aliyezidiwa, abiria tusimtukane. Wenye meli nao waache kuuza vifurushi vya kunywa utakavyo katika safari za namna hii.

Msafiri wa baharini